Kumrudishia afya mbwa aliyetelekezwa: mwongozo kamili kwa walezi wa Malindi

Wengi wanaookota mbwa hapa Malindi wanashindwa mahali pale pale, na ni siku ya kwanza. Mbwa amepatikana Maweni, au nyuma ya nyumba ya wageni iliyofungwa kule Casuarina, mbavu zinahesabika. Mtu anaingiwa na huruma: sufuria ya ugali na mchuzi, maji ya sabuni, dawa ya kupe, kidonge cha minyoo, vyote kabla ya magharibi. Siku ya tatu mbwa anatetemeka, anaanguka, anakufa, na watu wanasema aliokolewa akiwa amekwisha. Mara nyingi kilichomuua ni mpangilio wa matibabu, maana kila kimoja kati ya vitu hivyo kina siku yake.

Fuata hatua hizi kwa mfuatano, ila ya 4 (daktari) na ya 8 (imani) huanza siku za mwanzo, sambamba na ya 2 na ya 3. Kazi nzima huchukua wiki 8 hadi 12. Ukiwa na safari katikati, afadhali umtafute mlezi mwingine kabla hujaanza.

## Jua kwanza kama ana mwenyewe

Mbwa wengi wenye hali mbaya wana wenyewe. Uliza majirani, uliza mzee wa mtaa, uliza askari wa lango. Kuna wenye nyumba wanaorudi Ulaya msimu ukiisha na kumwachia askari mbwa bila hela ya chakula. Askari huyo usimgombeze. Ndiye anayejua mbwa aliugua lini, alichanjwa au la, na kama aliwahi kumng'ata mtu.

Mwenyewe akipatikana na akakubali kumtoa, mwandikishane mbele ya shahidi. Ukatili ukiwa wazi, Kenya ina Sheria ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, na unaweza kwenda polisi. Kumbeba mbwa wa watu usiku kunakugeuza wewe kuwa mshtakiwa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hajafika

- Chumba au banda lenye kivuli, sakafu ya saruji na mlango unaofungika
- Magunia au leso kuukuu za kulalia, zinazofulika
- Bakuli mbili za bati, zake peke yake
- Mkanda mpana wa shingoni na kamba ya mita 2 (mnyororo hapana)
- Kipimajoto cha tarakimu, kisichotumiwa na watu
- Kibano cha kung'olea kupe, glavu, pamba, bandeji
- Mizani ya bafuni: simama nayo ukiwa umembeba, kisha toa uzito wako
- Daftari la uzito, chakula, choo na joto
- Namba ya daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Muuzaji wa duka la dawa za mifugo anaweza kuwa mtu mwema sana, lakini si lazima awe daktari.

Majirani nao wanahitaji maandalizi. Katika fikihi ya Kishafi, inayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani, mate ya mbwa ni najisi nzito, na chombo kilichorambwa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Kwa hiyo banda lisielekee ua wa jirani, bakuli zisioshwe kwenye bomba la pamoja, na mbwa asipitishwe njia ya msikitini watu wanapokwenda kuswali. Nenda ukawaambie mapema kwamba yupo na atakaa muda gani. Jirani aliyeheshimiwa atakuja kukuambia mbwa katoroka. Aliyedharauliwa atamrushia jiwe.

## Hatua ya 1: Jikinge na kichaa cha mbwa

Hatua hii inatangulia zote kwa sababu kichaa cha mbwa, dalili zikishaanza, huua karibu kila mtu na kila mnyama anayeupata. Mbwa usiyemjua mchukulie kama hajachanjwa.

Usimguse mbwa anayedondosha mate mfululizo, aliyelegea taya, anayeyumba, aliyebadilika sauti au anayeuma vitu ovyo. Hapa watu wazima na akili zao huponzeka: wanaona mbwa anashindwa kumeza, wanadhani mfupa umekwama, wanatia mkono kinywani. Usitie mkono. Funga mlango, piga simu kwa ofisi ya mifugo ya kaunti.

Akikung'ata, akikukwaruza au akiramba kidonda chako, osha mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali siku hiyo hiyo ukaanze chanjo. Mbwa asiuawe; afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10, kwa sababu hali yake ndiyo itakayomwongoza daktari wako.

Virusi vinaweza kukaa mwilini wiki nyingi, hata miezi, bila dalili. Watoto wa nyumbani wasimzoee kwa sasa, hata akiwa mpole kiasi gani.

Umefaulu ikiwa: yuko ndani, mlango umefungwa, hakuna aliyeng'atwa, na umeshampigia daktari simu.

## Hatua ya 2: Saa 24 za kwanza ni maji, kivuli na kimya

Weka maji safi kidogo kidogo: robo kikombe, subiri dakika 15, ongeza. Mbwa mwenye kiu akipewa ndoo hunywa mpaka akatapika, na matapishi yanamtoa maji zaidi ya aliyoingiza.

Usimwogeshe. Najua ananuka. Mbwa asiye na mafuta mwilini hupoteza joto haraka akilowa, hata katika joto letu la Malindi, na purukushani za kuogeshwa zinamaliza nguvu kidogo aliyobakiwa nayo. Futa macho na vidonda kwa pamba na maji yaliyochemshwa yakapoa, basi.

Kisha mkague, mkiwa wawili. Inua mdomo wa juu utazame ufizi. Ufizi mzima ni wa waridi na una unyevu. Ukiubonyeza kwa kidole rangi hurudi ndani ya sekunde 2. Ufizi mweupe maana yake damu imepungua, ufizi unaonata maana yake maji yamepungua. Wengine huvuta ngozi ya shingo kupima upungufu wa maji, lakini kwa mbwa aliyekonda kipimo hicho kinadanganya, kwa sababu ngozi isiyo na mafuta chini yake hurudi polepole hata akiwa amekunywa vya kutosha. Amini ufizi.

Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2, likipimwa njia ya haja kubwa.

Usisubiri kesho, nenda kwa daktari sasa hivi ikiwa: ufizi ni mweupe kabisa, joto liko chini ya 37.5 au juu ya 40, anatapika au kuhara damu, hawezi kusimama, au mkojo wake una rangi ya strungi.

Umefaulu ikiwa: amekunywa bila kutapika, amekojoa, na amelala usingizi wa kweli, si wa kushtukashtuka.

## Hatua ya 3: Chakula cha siku tano za mwanzo

Hapa ndipo pa kusoma mara mbili.

Mwili uliokaa na njaa muda mrefu huacha kutegemea wanga na kuishi kwa mafuta na misuli yake wenyewe. Ukiuletea wanga mwingi ghafla, yaani uji, ugali, mkate au wali, insulini inapanda na kuisukuma fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu hadi ndani ya seli. Damu inabaki mikono mitupu. Misuli inalegea, moyo unapoteza mpigo, chembe nyekundu za damu zinapasuka. Mambo haya hayaonekani siku ya kwanza. Hujitokeza siku chache baadaye, wakati wewe ushaanza kushangilia kwamba anakula.

Kwa hiyo uji, ambao kila mama wa pwani angempa mgonjwa, kwa mbwa huyu ndio chakula kibaya kuliko vyote. Anza na protini na mafuta, kwa kiasi kidogo. Chakula laini cha mkebe cha mbwa kinafaa. Usipokipata, tumia yai la kuchemsha na samaki au kuku wa kuchemsha aliyetolewa miiba na mifupa yote, bila chumvi, bila kitunguu.

Mbwa wa kilo 10 akiwa amepumzika anahitaji kalori 400 hivi kwa siku. Zifikie namna hii:

1. Siku ya kwanza, robo: yai moja na samaki gramu 30.
2. Siku ya pili, nusu: mayai mawili na samaki gramu 60.
3. Siku ya tatu, robo tatu: mayai mawili na samaki au kuku gramu 150.
4. Siku ya nne na ya tano, kiasi kamili cha kalori 400.

Gawanya kila siku milo minne hadi sita. Mbwa wa kilo 5 hahitaji nusu ya hapo kamili. Anahitaji zaidi kidogo, kalori 230 hivi. Aliyekonda mno hadi mifupa ya nyonga imechomoza, daktari anaweza kukwambia uende polepole zaidi, na mwombe pia sindano ya vitamini B kabla ya mlo wa kwanza, hasa B1, kwa sababu mwili unaianzia kazi hapo hapo sukari inaporudi.

Atakulilia. Atalamba bakuli tupu na kukutazama kwa macho ambayo hayana dawa. Usiongeze.

Samaki asiwe mbichi, kwa kuwa samaki wengi wabichi wana kimeng'enya kinachoharibu vitamini hiyo hiyo ya B1. Ng'onda na papa mkavu wana chumvi kupita kiasi. Vitunguu, zabibu na chokoleti ni sumu kwa mbwa. Panadol na dawa za maumivu za binadamu usimpe hata kipande.

Dalili za hatari: kutetemeka, kulegea ghafla, kuhema mbio, degedege, mkojo kugeuka mwekundu au mweusi. Acha kumlisha, mkimbize kwa daktari.

Umefaulu ikiwa: siku ya tano anamaliza chakula chake, anasimama mwenyewe, na choo chake, hata kikiwa laini, hakina damu.

Kuanzia hapo changanya taratibu wali mlaini, boga la kuchemsha na chakula kikavu cha mbwa cha dukani. Usimlee kwa wali na samaki peke yake miezi miwili. Chakula hicho hakina kalsiamu ya kutosha. Wiki ya pili anza kuhesabu kwa uzito anaopaswa kuwa nao, si alio nao.

## Hatua ya 4: Daktari, ndani ya siku mbili

Mbwa asiye na dalili za dharura aonwe siku ya kwanza au ya pili. Peleka daftari na choo kibichi kwenye kikopo safi. Omba kipimo cha damu cha magonjwa ya kupe, kipimo cha minyoo, na mkwaruzo wa ngozi kama nywele zimenyonyoka. Kupima kunagharimu, lakini kutibu kwa kubahatisha kunagharimu zaidi.

Mwambie pia akague sehemu za siri. Damu inayodondoka hapo huchukuliwa kuwa ni joto la jike, kumbe huenda ni uvimbe unaoambukizwa kwa kupandana, ulio kama nyama iliyopasuka. Unatisha kuuona, ila ni miongoni mwa saratani zinazotibika vizuri: sindano ya vinkristini kila wiki kwa wiki kadhaa.

Ukimpeleka kwa tuktuk naye anauma, mfunge mdomo kwa bandeji kwa muda mfupi tu. Mbwa hupoa kwa kuhema, na mdomo uliofungwa kwenye jua la mchana unaweza kumuua.

## Hatua ya 5: Kupe na ngozi

Kupe wa kwanza watoe kwa kibano. Shika karibu na ngozi, vuta moja kwa moja, tia kwenye spiriti. Usimpasue kwa kucha, usimchome moto, usimpake mafuta ya taa.

Dawa ya kuogesha ngombe ndiyo inayoleta vilio. Amitrazi, iliyomo katika baadhi ya dawa hizo, ikizidi kwa mbwa dhaifu hushusha mapigo ya moyo na joto la mwili. Dawa za wadudu wa shambani ni mbaya zaidi. Na oili chafu ya gari, ambayo bado unaambiwa mitaani kuwa ni kiboko cha upele, huunguza ngozi na kuingia mwilini kila anapojiramba. Ivermektini nayo ni dawa halali ya minyoo na upele, lakini ile ya ngombe ina nguvu nyingi na kipimo cha mbwa ni kidogo mno. Kuna mbwa ambao kwa kurithi hawaivumilii kabisa. Mwachie daktari. Siku hizi kuna vidonge vya kutafuna vinavyoua kupe na wadudu wa upele kwa wiki kadhaa. Vina bei, lakini uliza kabla ya kununua chupa tatu za kitu kingine.

Bahari si dawa. Watu humpeleka mbwa mwenye upele ufukweni na kumzamisha. Chumvi inakausha ngozi, inachoma vidonda, na maji anayoyameza yanamharisha.

Kupe wa kahawia wa mbwa anaweza kumaliza maisha yake yote ndani ya nyumba. Jike hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa, na kuta zetu za mawe ya matumbawe ni nyufa tupu. Ziba nyufa za banda kwa saruji, fagia kila siku, chemsha magunia kila wiki. Ukimtibu mbwa ukaacha ukuta, mwezi ujao mnaanza upya.

Kupe hawa huleta homa inayopunguza damu; mbwa huchoka, hutoka damu puani, ufizi hupauka. Tiba ya kawaida ni doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria, kwa wiki nne hivi, na wengi huacha wiki ya kwanza kwa kuwa mbwa ameshachangamka. Maliza dozi.

Upele wa aina moja huhamia kwa watu. Ukianza kujikuna mikono na tumbo, mwambie daktari wako kwamba unalea mbwa.

Umefaulu ikiwa: kujikuna kunampa nafasi ya kulala, na kati ya wiki ya nne na ya sita unaona nywele changa kwenye mabaka.

## Hatua ya 6: Minyoo

Subiri mpaka ale vizuri siku kadhaa, isipokuwa daktari aseme vinginevyo. Pima uzito siku hiyo, mpe dawa kwa uzito huo, rudia baada ya wiki mbili. Ukiona minyoo kwenye choo usishtuke.

Zoa choo kila siku na ukifukie mbali na watoto. Mabuu ya minyoo ya safura hustawi kwenye mchanga wenye unyevu na hupenya ngozi ya mtu anayetembea peku.

## Hatua ya 7: Chanjo na kufunga kizazi

Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa kuanzia miezi mitatu, na hapa Kenya hurudiwa kila mwaka. Daktari aitoe mara mbwa anapokuwa na nguvu ya kuipokea, pamoja na ya parvo na distempa, magonjwa ya virusi yanayoua mbwa. Tunza kadi. Kaunti ikitangaza kampeni ya chanjo ya bure, mpeleke, ila umpeleke mapema kabla foleni ya mbwa haijawa vita.

Kwa siku 14 za mwanzo asikutane na mbwa wengine. Walishe wako kwanza, yeye mwisho, kisha ubadilishe viatu.

Kuhasi dume au kufunga kizazi cha jike kufanywe uzito ukisharudi na damu ikithibitishwa kuwa sawa. Usimtoe kwa mtu kwa ahadi kwamba yeye ndiye atakayemfanyia. Hafanyi.

## Hatua ya 8: Kumrudishia imani

Siku tatu za kwanza kaa naye chumbani ubavu ubavu, usimtumbulie macho, soma gazeti au simu yako. Akikujia, mkune kifuani au chini ya kidevu, si juu ya kichwa. Mwite kabla ya kumgusa akiwa amelala.

Mbwa aliyeshinda njaa hulinda bakuli. Ukimnyang'anya ili "ajue mkubwa ni nani" unamfundisha kuwa wasiwasi wake ni wa kweli. Pita mbali kidogo, mrushie kipande kitamu zaidi, endelea na safari yako. Baada ya siku kadhaa mkia wake utakujibu.

Matembezi yawe saa kumi na mbili na nusu asubuhi au baada ya saa kumi na moja jioni. Weka kiganja juu ya lami au mchanga. Ukishindwa kukistahimilisha sekunde 7, na yeye hawezi. Ufukweni asiachwe huru: kasa hutaga huko, na mawimbi hutupa bunju, samaki mwenye sumu kali inayoweza kumuua mbwa akimtafuna. Wavuvi humjua bunju vizuri, waombe wakuonyeshe.

Umefaulu ikiwa: anakula mkiwa chumba kimoja, anakubali mkanda, na mgeni akiingia anarudi nyuma badala ya kuuma.

## Hatua ya 9: Kumkabidhi

Yuko tayari ikiwa mbavu zinapapasika lakini hazionekani zote, kiuno kinaonekana ukimtazama kwa juu, kadi imejaa, na amekaa wiki mbili bila dawa na bila kuugua.

Muulize anayemtaka: mchana atakaa wapi? Nani atamlisha ukisafiri? Mwenye nyumba ameruhusu? Mbwa wa mwisho aliishia wapi? Swali hilo la mwisho linafichua mengi. Anayesema anataka "mbwa mkali wa kufunga mnyororo" mkatalie kwa adabu, hata awe shemeji yako. Mbwa aliyetoka kwenye mnyororo asirudishwe kwenye mnyororo.

Nenda ukaione nyumba. Mpe wiki mbili za majaribio, na mwandikishane kwamba akishindwa mbwa anarudi kwako, hapewi mtu wa tatu. Mkabidhi kadi, mkanda, gunia lake lisilofuliwa ili apate harufu anayoijua, na chakula cha wiki moja, kwa sababu kubadilisha nyumba na chakula siku moja kunaharisha.

Piga simu siku ya tatu na wiki ya pili. Mwambie mwenyeji mpya kwamba kulala sana na kukataa chakula siku ya kwanza ni kawaida, lakini siku ya pili akikataa tena, aende kwa daktari.

Huku kwako, sugua banda, chemsha vitambaa, choma magunia yaliyochakaa, ziba nyufa mpya. Mbwa akiwa alifia hapo kwa parvo, usilete kitoto cha mbwa ambacho hakijachanjwa kwa miezi mingi, maana virusi hivyo hukaa udongoni muda mrefu. Lete mbwa mkubwa aliyekwisha kuchanjwa, au mpeleke mgeni kwa mlezi mwingine.